SOMO LA AFYA: MFICHA UCHI HAZAI
Kukosa nguvu za kiume kwa mtu mwenye sukari au presha

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Safari hii somo letu si la mshahara, wala si la mkataba wa kazi. Ni la jambo ambalo wanaume hawalisemi mkutanoni, hawalisemi kwa daktari, na mara nyingi hawalisemi hata kwa wake zao. Ni jambo la kukosa nguvu za kiume. Wengine husema jogoo hapandi mtungi, wakacheka. Lakini mwenyewe anayechekwa hacheki.

Kuna mtu atauliza: Chama cha wafanyakazi kina haja gani na mambo ya kitandani? Nitajibu kwa habari ya ndugu yetu mmoja na kwa habari yangu mimi mwenyewe. Wewe msomaji soma mpaka mwisho, halafu uhukumu.

1. Ndugu yetu wa boila

Katika kiwanda kimoja cha chai hapa Uganda palikuwa na ndugu yetu aliyekuwa akitia kuni kwenye boila. Jina lake silitaji. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50. Siku moja walikuja waganga kupima watu, akaambiwa presha yake iko juu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku.

Baada ya miezi michache akaona kwamba nyumbani mambo yamelegea. Akafanya hesabu yake peke yake: "Kabla ya vidonge nilikuwa mzima. Baada ya vidonge nimekuwa hivi. Basi vidonge ndivyo vilivyonimaliza." Akaacha kumeza. Hakumwambia mganga, hakumwambia mke, hakumwambia mtu wa Chama. Kila mwezi alikwenda kliniki kuchukua vidonge vyake kama kawaida, maana hakutaka kuulizwa. Akifika nyumbani alivitia katika kopo la misumari.

Usiku mmoja akaanguka kazini mbele ya boila. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Upande wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito. Hakufa, lakini kazini hakurudi tena. Nilipokwenda kumwona, mke wake alinionyesha lile kopo. Vidonge vilikuwa vimejaa hata misumari haionekani. Akaniambia, "Shemeji, angeniambia tu. Tumezaa watoto saba. Mimi ningemdai nini tena?"

Siku ile sikuwa na la kumjibu, kwa sababu na mimi nyumbani kwangu nilikuwa na kopo langu, ila langu halikuwa la vidonge.

2. Mimi mwenyewe

Elimu yangu ni ya shule ya msingi. Mengi ninayoyaandika hapa nimefundishwa na waganga, na mengine nimefundishwa na ugonjwa. Nina ugonjwa wa sukari, mwaka wa sita sasa.

Mwaka wa pili wa ugonjwa huo, nguvu zangu zilianza kupungua. Nikaanza kuchelewa kurudi. Nilimwambia mke wangu kwamba mikutano ya Chama imekuwa mingi. Mikutano haikuwa mingi. Nilikaa ofisini nikipanga makaratasi yale yale mpaka nijue kwamba amelala. Mwisho akaamini nina mwanamke mwingine. Akamwita kaka yake aje aniulize. Nilikaa mbele ya shemeji yangu nikaona ni heri niitwe malaya kuliko kuitwa hanithi. Nikanyamaza. Angalieni, ndugu, aibu inavyoharibu akili ya mtu: nilikubali kosa ambalo sikulifanya ili nifiche ugonjwa ambao sikuutaka.

Aliyeniokoa ni mganga mmoja mzee wa kliniki ya sukari. Alikuwa akinipima miguu kama inahisi kuguswa. Bila kuinua kichwa akauliza, "Na nyumbani, mzee, mambo yanakwendaje?" Nikasema hayaendi. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme. Wanaume wengi waliokaa pale nje kwenye benchi wana shida hii hii, na kila mmoja anafikiri yuko peke yake."

Alisema kweli. Kwa wanaume wenye ugonjwa wa sukari, karibu nusu yao wana upungufu huu. Na hata bila kuhesabu sukari, uchunguzi uliofanywa Massachusetts, Marekani, na kutolewa mwaka 1994, ulikuta kwamba katika wanaume wa miaka 40 mpaka 70, karibu nusu wana upungufu, kwa wengine mdogo na kwa wengine mkubwa. Kwa hiyo hata mkutanoni kwetu wenye shida hii hawawezi kuwa wachache.

3. Mwili unavyofanya kazi

Uume hauna mfupa. Unaposimama ni kwa sababu umejaa damu. Fikiria bomba la maji na bwawa dogo. Kwanza akili inapata tamaa. Pili, mishipa ya fahamu inapeleka habari, kama waya wa simu. Tatu, mishipa ya damu inafunguka na damu inaingia kwa wingi. Nne, mahali pa kutokea panabanwa, damu inabaki ndani. Pia mwili lazima uwe na homoni ya kiume ya kutosha, nayo hutengenezwa katika makende.

Sasa angalia magonjwa ya muda mrefu yanafanya nini.

Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa midogo ya damu na inaharibu waya wa simu, yaani mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu wa sukari hufa ganzi miguuni. Yanayotokea miguuni yanaweza kutokea na pale pengine.

Presha inapiga kuta za mishipa mpaka zinakuwa ngumu. Bomba gumu halifunguki vizuri.

Mafuta katika damu yanaziba bomba. Sigara inaziba na kubana. Ugonjwa wa figo unachafua damu na kupunguza homoni. Waragi nyingi inaharibu ini, fahamu na homoni. Na mtu mwenye ugonjwa mrefu huwa na huzuni na mawazo, nayo huondoa tamaa.

Kwa hiyo sababu inajulikana. Si uchawi wa jirani, si laana ya mke wa kwanza, wala si adhabu ya ujana. Ni bomba na waya.

Kuna njia moja ya kujipima kwanza. Mwanaume mzima mara nyingi huamka alfajiri uume umesimama. Kama alfajiri unasimama vizuri lakini ukiwa na mke hausimami, huenda shida kubwa ni mawazo, hofu au ugomvi. Kama hausimami wakati wowote, na hali hii imekuja polepole, basi fikiria ugonjwa wa mwili. Mara nyingi vyote viwili huwa pamoja, kwa sababu mtu akishindwa mara moja huogopa mara ya pili. Kipimo hiki hakitoshi peke yake. Mganga ndiye wa kuamua.

4. Taa nyekundu ya hatari

Hili ni jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, nawaomba mlishike.

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko mishipa ya moyo. Bomba jembamba huziba mapema. Kwa hiyo mwanaume anaweza kuona upungufu leo, na maradhi ya moyo yakajitokeza baada ya miaka 2 mpaka 5. Kule chini panatoa habari kabla ya kifua kuuma.

Fundi wa mashine akiona taa nyekundu imewaka hafuniki taa kwa kitambaa. Anasimamisha mashine atazame. Basi mwanaume ambaye hajui kama ana ugonjwa wowote, akiona nguvu zinapungua mwezi baada ya mwezi, asikimbilie mtishamba. Aende apimwe presha, apimwe sukari, na ikiwezekana mafuta ya damu. Presha ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140 juu ya 90 au zaidi, ni ugonjwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi (mashine nyingine huandika 126), nayo ni ugonjwa, na mganga atarudia kipimo kuhakikisha.

5. Je, vidonge vya presha vinaua nguvu?

Tuseme kweli yote, maana nusu ya kweli ndiyo iliyomwangusha ndugu yetu wa boila.

Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu. Katika zilizo za zamani zimo propranolo na atenolo, na baadhi ya vidonge vya kukojosha. Lakini pia ni kweli kwamba presha yenyewe huharibu mishipa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge. Mara nyingi mtu hugunduliwa presha wakati ule ule ambapo nguvu zilikuwa zimeanza kupungua, naye hulaumu kidonge.

Basi ufanye nini? Mwambie mganga hivi: "Tangu nianze dawa hii, nguvu za kiume zimepungua. Naomba unitazamie dawa nyingine." Maneno hayo tu yanatosha. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na nyingine, kama amlodipini, enalapri na losartani, mara nyingi hazina shida hii. Mganga anaweza kubadilisha. Lakini usiache mwenyewe. Tena atenolo na propranolo zikiachwa kwa ghafla zinaweza kuudhuru moyo vibaya.

6. Wauza nguvu

Siku ya mshahara hamkosi kuwaona pale getini. Wana chupa, unga na mizizi, na wengine wana kipaza sauti. Wanasema dawa yao ni ya miti mitupu. Mimi siwatukani waganga wa jadi wote. Lakini sikilizeni habari hii, maana ilitokea hapa hapa kwetu na kwa majirani.

Mwisho wa mwaka 2018 Mamlaka ya Dawa ya Taifa ya Uganda ilipima kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotoka Zambia, baada ya mtu mmoja kulalamika kwamba alitokwa na jasho na uume ukasimama karibu saa sita. Wapimaji wakakuta ndani yake sildenafili, dawa ya hospitali ambayo haikuandikwa kwenye chupa. Mwanzoni mwa 2019 wakubwa wa Zambia wakaagiza kiondolewe sokoni. Na si kinywaji hicho tu. Katika nchi nyingi vimepimwa vidonge vinavyoitwa vya miti shamba vikakutwa na dawa hiyo hiyo, bila mnywaji kujua amekunywa kiasi gani.

Kwa nini ni hatari? Kuna dawa za moyo zinazoitwa naitreti, kama kidonge kile kinachowekwa chini ya ulimi kifua kikiuma. Dawa hiyo ikikutana na sildenafili, presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa. Mgonjwa wa moyo anayenunua chupa getini hajui kama ananunua kifo chake. Tena uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, ni lazima kukimbilia hospitali usiku huo huo. Anayeona haya kwenda anaweza kuharibika kabisa.

7. Matibabu ya kweli

Matibabu yapo. Nitayataja kwa utaratibu.

Kwanza, tibu ugonjwa wenyewe. Shusha sukari, shusha presha, acha sigara, punguza pombe. Mwaka 2004 madaktari wa Italia walitangaza habari za wanaume wanene 110 wenye upungufu huu. Nusu yao walifundishwa hasa kula vizuri na kutembea. Baada ya miaka 2, karibu theluthi moja ya waliofundishwa walikuwa wamerudia hali nzuri bila dawa. Sisi wakata miwa na wachuma chai tunatembea sana, lakini karani, mlinzi, dereva na fundi wa mashine hukaa kutwa, na chai yetu tunaitia sukari vijiko vitano.

Pili, sema na mke wako. Siku nilipomwambia wangu, alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni hilo tu?" Kisha akakasirika kwa zile jioni zote nilizomwacha peke yake, na alikuwa na haki. Kina mama mnaosoma somo hili, mume akianza kukukwepa usiamini haraka kwamba ana mwingine. Muulize kwa upole, mkiwa wawili.

Tatu, dawa. Sildenafili ilitengenezwa Uingereza, mwanzo ikijaribiwa kwa maumivu ya kifua, ikaonekana inafanya kazi mahali pengine. Mwaka 1998 Marekani iliiruhusu kwa shida hii. Haileti tamaa. Inasaidia mishipa kufunguka pale tamaa ilipo. Humezwa kama saa moja kabla, na si baada ya chakula kizito cha mafuta. Leo iko ya bei nafuu kuliko zamani. Lakini inunuliwe baada ya mganga kujua moyo wako na kuona dawa zote unazomeza. Kwa mtu ambaye vidonge havimsaidii, hospitali kubwa zina njia nyingine, kama sindano na pampu.

Nami niseme kweli, si kila mtu anapona sawasawa. Mimi sikurudi kuwa kijana wa miaka 20. Siku nyingine mambo yanakwenda, siku nyingine hayaendi. Lakini sukari yangu imeshuka, narudi nyumbani mapema, na shemeji yangu amenisamehe.

8. Kazi ya Chama

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo: Chama kina haja gani?

Mwaka 1977, huko California, Marekani, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya ardhini, inayoitwa DBCP. Wanaume wa idara hiyo, katika mazungumzo yao, waligundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Wakaomba kupimwa pamoja. Wengi wakakutwa mbegu zao ni chache sana au hazipo kabisa. Ilikuwa sumu ya kazini. Mwaka 1979 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yake yote. Sumu hiyo ilikuwa imetumika pia katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na maelfu ya wafanyakazi wa huko walikwenda mahakamani.

Utasa si kitu kimoja na kukosa nguvu. Mtu anaweza kuwa na nguvu na asizae. Lakini fundisho ni moja. Kila mtu alipokaa na aibu yake nyumbani, ilionekana ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Walipozungumza, ikaonekana ni jambo la wote na likapatiwa dawa.

Na kwetu? Ndugu yetu wa boila alificha kwa sababu ya aibu, lakini aibu ilisaidiwa na mengine. Siku ya kliniki ilikatwa mshahara. Karani wa zahanati aliita wagonjwa kwa sauti mbele ya foleni: "Wa presha huku! Wa kaswende kule!" Nani atasema siri yake mahali kama hapo?

Kwa hiyo kila tawi lizungumze na mwajiri mambo haya:

(a) Mwenye ugonjwa wa muda mrefu apewe siku ya kliniki kila mwezi bila kukatwa mshahara.

(b) Zahanati ya shamba iwe na chumba chenye mlango unaofungwa, na karatasi za mgonjwa zisisomwe na karani wa mshahara wala nyapara.

(c) Presha na sukari zipimwe kwa wote kila mwaka, saa za kazi. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1985, unasema kwamba uangalizi wa afya ya wafanyakazi kuhusiana na kazi uwe bure, usiwapunguzie mapato, na ufanyike saa za kazi kadiri inavyowezekana. Tuanzie hapo.

(d) Mtu asihamishwe wala kuachishwa kazi kwa sababu amekutwa na ugonjwa.

Na moja ni letu sisi wenyewe, mwajiri hayumo: tuache kucheka. Neno hanithi lisitamkwe katika mikutano ya Chama, hata kwa mzaha.

9. Maswali ya kuzungumza katika tawi

Moja: Kwa nini upungufu wa nguvu unaitwa taa ya hatari?
Mbili: Mtu akiona kidonge cha presha kinampunguzia nguvu, afanye nini, na asifanye nini?
Tatu: Zahanati yetu ina siri? Kama haina, nani atakwenda kusema na msimamizi, na lini?
Nne: Katika tawi letu, nani alipimwa presha mwaka huu? Wainue mikono.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na tena wakasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu, ukirudi nyumbani leo, tazama kama na wewe una kopo la misumari. Ukiliona, lilete kliniki pamoja na vidonge vyake, umwonyeshe mganga. Hutakuwa wa kwanza.

Umoja ni nguvu.